Kasi ya gongo, kasi ya mkono: shajara ya mradi wetu wa besiboli Eastlands, Nairobi

Januari, muhula wa kwanza

Swali la watoto ni moja kila jioni: "Kocha, nimerusha ngapi?" Wametazama mechi za Marekani kwenye simu na kuona namba ikitokea pembeni ya skrini kila mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, anapouachia. Wanamjua Aroldis Chapman, mrushaji wa ligi kuu ya Marekani, na mrusho wake wa Septemba 2010, maili 105.8 kwa saa, yaani kilomita 170. Nao wanataka namba yao. Nataka kuwapa, mradi iwe ya kweli na mradi tujue mapema ni ya kazi gani, kwa sababu mtoto wa miaka 11 akishapewa namba huiamini kuliko anavyomwamini kocha.

Kikosi ni wavulana na wasichana wa miaka 9 hadi 14. Uwanja ni wa shule, tunaugawana na watoto wa kandanda, na upande mmoja umepakana na Barabara ya Outer Ring. Vipimo vyetu ni vya Little League, ligi ya watoto ya Marekani: futi 46, yaani mita 14.02, kutoka kibao cha mrushaji hadi besi ya nyumbani, pale anaposimama mpigaji, na futi 60, mita 18.29, kati ya besi na besi. Mipira ni ya kawaida, gramu 142 hadi 149. Magongo ni ya alumini, mengi ya inchi 29.

Bunduki za rada za dukani hatuziwezi kwa bei. Tutaunda vyombo vyetu, na vitakuwa vitatu: rada ya kupima mpira, kihisi cha jairoskopu, cha kupima mzunguko, kwenye kitako cha gongo, na kamera ya simu kuwa shahidi wa hivyo viwili. Chombo kimoja kikiwa peke yake kinaweza kukudanganya mwaka mzima bila wewe kujua. Vikiwa vitatu, kinachodanganya kitajulikana.

Januari, mwishoni: Luthuli na Kamukunji

Luthuli Avenue hukosi kitu ukiwa na subira ya kupanda ngazi. Moduli ya rada tumeipata ghorofa ya juu, kwa kijana anayewauzia wanafunzi wa vyuo vifaa vya elektroniki. Ni HB100, kibao kidogo cha kutosha kiganjani, kilichobuniwa kwa ajili ya milango inayojifungua na kengele za wezi. Hutoa mawimbi ya gigahezi 10.525. Mawimbi yakikutana na kitu kinachosogea hurudi yamebadilika kidogo, na moduli hulinganisha yaliyotoka na yaliyorudi kisha hutoa tofauti yake kama mtikisiko wa umeme. Kila kilomita moja kwa saa ni mitikisiko 19.5 kwa sekunde. Mpira wa kilomita 60 kwa saa basi unatoa karibu 1,170, kiwango ambacho sikio linaweza kukisikia. Tuliunganisha spika tuone. Mpira ukapita ukipiga mluzi mfupi, na watoto wakaomba urudiwe mpaka giza likaingia.

Ishara yenyewe ni dhaifu mno, kwa hiyo inapitia amplifaya ya hatua mbili kabla ya kuingia kwenye ESP32, kompyuta ndogo ya chipu moja. Tunachukua sampuli 10,000 kwa sekunde na kuzipiga hesabu ya Fourier, ile inayoonyesha ni mitikisiko mingapi kwa sekunde imo ndani ya ishara, kwa mafungu ya 512. Namba hizo sikuzichagua ovyo: zinatoa hatua za hezi 19.5, yaani kila hatua ya hesabu ni kilomita moja kwa saa. Fungu moja huchukua sehemu ya ishirini ya sekunde, na katika muda huo mpira wa kilomita 60 unakuwa umesogea sentimita 85. Inatosha kabisa kwa watoto.

Tatizo ni kwamba HB100 huona upana mkubwa. Mtoto akikimbia kuelekea besi ya kwanza, yumo. Kocha akijikuna, yumo. Dawa yake ni pembe ya bati mbele ya moduli, ya kuyabana mawimbi yaelekee mahali pamoja, na kwa kazi ya bati hapa mjini mtu huenda Kamukunji.

"Fundi, nataka faneli ya mraba, mdomo sentimita 10, shingo ikamate hiki kibao."

Akakigeuza mkononi. "Hii ni ya redio?"

"Ni ya kupima kasi ya mpira."

"Lete huo mpira niuone."

Nikampa. Akaupima uzito kwa kiganja, akaurudisha, akachora moja kwa moja kwenye bati kwa msumari. Alikata vipande vinne kwa makasi, akakunja kingo kwa nyundo juu ya kipande cha reli, akazifungisha moja ndani ya nyingine bila rivet hata moja. Nilimwomba ndani pawe laini, kwa sababu urefu wa mawimbi haya ni sentimita 2.85 na kila nundu huyavuruga. Akarudia kona moja bila kuombwa mara ya pili, kisha akapitisha kidole gumba pande zote nne kabla ya kunikabidhi. Mdomo wa sentimita 10 unabana mwale hadi karibu digrii 20. Sasa rada inamwona mrushaji na mpira wake, na anayekimbia pembeni haonekani tena.

Februari: uma za maabara na kreti ya soda

Kabla ya kumwelekezea mtoto rada nilitaka kuijaribu kwa vitu ambavyo kasi yake inajulikana.

Mwalimu wa fizikia wa shule ya upili jirani ametuazima uma za sauti, zile chuma za pembe mbili zinazogongwa zikalia. Seti ya maabara huanzia hezi 256 na kuishia 512. Ukiigonga na kuiweka mbele ya rada, rada huuona mtetemo wake na kuusoma kama kasi. Ya 256 inapaswa kusomeka kilomita 13.1 kwa saa, ya 512 kilomita 26.3. Tulipata 13 na 26, na zikarudia hivyo hivyo kila tulipogonga. Askari wa trafiki wa nchi nyingi wamekagua rada zao kwa njia hii hii kwa miaka mingi.

Uma lakini hukagua upande mmoja tu, yaani kama programu inahesabu mitikisiko sawasawa. Hauwezi kukuambia kama moduli kweli inatoa gigahezi 10.525. Kwa hilo tulitumia mvutano wa dunia. Kutoka ukingo wa ghorofa ya madarasa hadi juu ya kreti ya soda iliyogeuzwa ni mita 5 kamili kwa futikamba. Rada ililala chini ya kreti ikitazama juu, maana plastiki haizuii mawimbi. Kitu kikianguka mita 5 kinafika chini kwa kilomita 35.6 kwa saa ukiacha hewa, na mpira wa besiboli ukihesabu hewa unafika kwa 35 na ushee. Tulisoma 35.

Watoto walipanga foleni ya kuachia mpira. Sharti lilikuwa kuachia tu, bila kutupa, na aliyeusukuma hata kwa ncha ya kidole alionekana kwenye namba. Msichana mmoja wa miaka 10 aliliona hilo kabla sijalisema. Akaanza kuwakagua wenzake vidole, na tangu siku hiyo yeye ndiye msimamizi wa vipimo. Ana daftari lake.

Machi: matatu

HB100 haitofautishi kinachokuja na kinachokwenda, wala mpira na gari. Matatu ya kilomita 50 kwa saa kwenye Outer Ring na mpira wa kilomita 50 kwa saa ni kitu kimoja kwake, na matatu ni kubwa mara elfu. Siku za kwanza uwanjani mtoto alirusha, rada ikasoma basi la Embakasi.

Tumegeuza uwanja. Besi ya nyumbani sasa iko upande wa barabara, rada imesimama nyuma ya wavu wa mdakaji na mgongo wake uko kwa magari. Jambo hili lilikuwa lifanyike hata bila rada, kwa sababu mipira iliyopigwa sasa inaruka kuelekea goli la mbali na si kuelekea vioo vya matatu. Programu nayo imepewa masharti: mluzi lazima uanze ghafla, usizidi sekunde moja, na ushuke kidogo kidogo kadiri mpira unavyopoteza kasi. Gari halitimizi hata moja kati ya hayo.

Huko kushuka ndiko kulikonifanya nikae nalo usiku kucha. Mpira haufiki na kasi uliyotoka nayo. Kwa umbali wetu, hewa inapunguza kama asilimia 6 au 7. Kwa hiyo kasi ya mkononi na kasi ya kwenye glovu ni namba mbili, na lazima useme unapima ipi. Nolan Ryan alisomwa maili 100.9 kwa saa mwaka 1974, lakini kipimo kile kilichukuliwa mpira ukiwa umekaribia besi ya nyumbani, wakati vipimo vya leo huchukuliwa unapotoka mkononi. Ukiziweka namba hizo kwenye jedwali moja unamdhulumu Ryan. Sisi tunaandika ya mkononi, na daftari linasema hivyo juu ya kila ukurasa.

Mwaka huo huo wa 1974 ndipo Danny Litwhiler, kocha wa Michigan State, alipoiingiza rada ya polisi kwenye besiboli. Kabla yake watu walihangaika. Mwaka 1940 Bob Feller alirusha mpira ushindane na pikipiki iliyokuwa inampita kwa kasi. Niliwasimulia watoto, na kabla sijamaliza mmoja alikuwa ameshajitolea kumleta mjomba wake na bodaboda. Nimekataa. Wameomba tena.

Aprili, masika: gongo

Mvua imefunga uwanja. Udongo mweusi wa Eastlands ukilowa huvua kiatu mguuni, basi tumehamia ukumbini kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, bila mpira, gongo tu. Ni wakati mzuri wa kazi hii, na kwangu ndiyo sehemu muhimu kuliko zote za mradi.

Jairoskopu hupima jinsi kitu kinavyozunguka, kwa digrii kwa sekunde. Tunayotumia ni MPU-6050, iliyo rahisi kupatikana na rahisi kwa bei. Tumeifunga pamoja na betri ndogo kwenye kitako cha gongo, chini ya mikono ya mpigaji, kwa kipande cha tyubu ya baiskeli kilichovutwa juu yake. Pale mwishoni uzito wa ziada hausikiki sana, kwa sababu uko karibu na mikono na mbali na kichwa cha gongo. Inasoma mara 1,000 kwa sekunde na kutuma kwa simu.

Kutoka mzunguko hadi kasi ni kuzidisha kwa umbali. Pale pazuri pa kugongea mpira ni kama inchi 6 kutoka kichwa cha gongo, mahali pale pale wanapopimia kwenye ligi kuu ya Marekani, ambao walianza kuchapisha kasi za magongo ya wachezaji wao mwaka 2024. Kwa gongo la inchi 29 hapo ni sentimita 58 kutoka kitakoni. Mzunguko wa digrii 1,800 kwa sekunde hapo unatoa kilomita 65 na nusu kwa saa. Hesabu hii inachukulia kwamba gongo linazunguka kwenye kitako chake. Wakati wa kugonga hilo linakaribia ukweli bila kuwa ukweli wote, kwa hiyo namba zetu nazichukua kama za kumlinganisha mtoto na yeye mwenyewe. Za kumlinganisha na mchezaji wa televisheni hazifai.

Wadogo walipimika vizuri. Wakubwa wakaanza kunishangaza: kila mmoja wao, apige kwa nguvu au kwa nguvu zaidi, alifika karibu 73 na kukwama hapo. Nilifungua mchoro wa mzungusho mmoja kwenye kompyuta nikauangalia kwa karibu. Mstari unapanda vizuri, unainama, halafu juu kabisa umekatwa bapa kwa muda wa sehemu chache za elfu za sekunde, kisha unashuka. Hakuna mkono wa binadamu unaosogea hivyo. MPU-6050 mwisho wake ni digrii 2,000 kwa sekunde, na digrii 2,000 kwa sentimita 58 ni kilomita 73 kwa saa. Wakubwa walikuwa wameifikisha kihisi ukingoni.

Kuna vihisi vya digrii 4,000, kama ICM-20649, lakini ni ghali kwetu na kuagiza kunachukua muda. Tumepata njia nyingine. Ndani ya kihisi kuna mihimili mitatu, na kila mmoja una kikomo chake cha 2,000. Mzungusho wote ulikuwa unamwangukia mmoja. Ukikilaza kihisi ili mzunguko ugawanyike sawa kwa mihimili miwili, kila mmoja unabeba asilimia 71 tu ya mzigo, kisha unaunganisha kwa kanuni ya Pythagoras. Kikomo kinapanda hadi digrii 2,828, ambazo kwa magongo yetu ni kilomita 103 kwa saa. Hakuna mtoto wa miaka 14 hapa atakayefika huko hivi karibuni.

Ila gongo ni la mviringo, na mtoto hulishika vyovyote. Likigeuka robo ya nusu duara mkononi, mgawanyo wote unapotea na tunarudi pale pale. Msimamizi wetu wa vipimo alileta rangi ya kucha ya dada yake, nyekundu, akapaka mstari mfupi juu ya mkono wa kila gongo. Sharti sasa: mstari utazame mbinguni kabla ya kupiga. Asiyeutazamisha, mzungusho wake hauandikwi daftarini, na yeye hana huruma katika hilo. Tangu mstari uwekwe, vilele bapa vimetoweka kwenye michoro.

Mei: kamera

Hili lilikwenda upesi. Simu ya mzazi mmoja hupiga picha 240 kwa sekunde. Tumesimika fito mbili mita 5 moja kutoka nyingine, na mpira wa kilomita 70 kwa saa huchukua picha 62 kupita kati yake, kwa hiyo ukikosea picha moja umekosea chini ya asilimia 2. La kuzingatia ni kwamba fito zisimame kwenye mstari wenyewe wa mpira. Zikiwa mita moja nyuma ya mstari na kamera ikiwa mita 10 mbele yake, kasi itaonekana kubwa kuliko ilivyo kwa asilimia 10, na macho hayawezi kuligundua hilo.

Rada na kamera zinakubaliana ndani ya kilomita mbili kwa saa. Zinapoachana huwa rada imesogezwa pembeni. Rada husoma sehemu ya kasi inayoielekea tu: ikikaa pembeni digrii 10 inapoteza asilimia 1.5, digrii 20 asilimia 6, digrii 30 asilimia 13. Tumepiga vigingi vitatu ardhini kwa ajili ya miguu yake.

Nimejaribu pia gongo na mpira pamoja, mpira ukiwa umewekwa juu ya kigingi cha bomba na hosi ya rejeta. Mwanafizikia Alan Nathan wa Chuo Kikuu cha Illinois ameandika sana kuhusu mgongano huu. Kwa mguso mzuri, mpira unaondoka na kasi ya gongo mara 1.2, ukiongeza sehemu ya tano ya kasi ya mrusho uliokuja. Mpira uliosimama hauna mrusho, basi ni 1.2 tu. Gongo likisomeka 65 na rada ikasoma mpira 78, mguso ulikuwa kamili. Ikisoma 60, nguvu ilikuwepo ila mpira uligongwa pembeni. Hapo mtoto anapata kitu cha kufanyia kazi palepale, na hahitaji kuwa mkubwa wa mwili kukifanya.

Juni: namba ya kuonyesha na namba ya kutunza

Bibi wa mmoja wa warushaji alinisimamisha langoni. "Mwalimu, huyu siku hizi anashika kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto."

Mtoto mwenyewe hakuwa amesema kitu. Nilipoketi naye akaeleza: baada ya mazoezi, kule nyumbani, alikuwa akirusha mpira kwenye ukuta wa ploti mpaka taa za barabarani ziwake, ili Jumamosi namba ipande. Kiwiko upande wa ndani kilimuuma ukikigusa. Kwa umri wake, pale ndipo mfupa bado unakua, na gegedu la kukulia ni dhaifu kuliko ukano unaolivuta. Bibi yake amempeleka kwa daktari, na harushi mpaka daktari aseme. Mzungusho wa gongo pia umesimama kwake kwa sasa. Anaandika daftari pamoja na msimamizi.

Nimelifikiria hili sana, na nimefika mahali ambapo sitayumba. Mkono wa mtoto unaorusha hauhitaji skrini. Kasi ya mrusho inakuja na urefu, na misuli, na mguu wa mbele unaotua vizuri, na miaka. Ukimwekea mtoto namba mbele yake kila mrusho, atatafuta kilomita moja ya ziada mahali pekee anapoweza kuipata jioni hiyo, na hapo ni kiwiko. Gongo ni jambo jingine. Mwili wote unalizungusha, mikono miwili inalishika, na mtoto anayebadilisha jinsi nyonga yake inavyofunguka anaweza kuona namba ikisogea wiki hiyo hiyo bila kiwiko kubeba mzigo wa mrusho. Tena kwa hesabu ya Nathan, kilomita 5 zaidi za gongo ni kilomita 6 zaidi za mpira uliopigwa, wakati kilomita 5 zaidi za mrusho ni kilomita moja tu. Anayetaka mpira uende mbali ashughulike na gongo.

Basi kuanzia mwezi huu skrini inawaka kwa mzungusho pekee. Rada ya mrusho inaendelea kusoma, ila inaandika kwa faili na mimi ndiye ninayeifungua. Ninachokitafuta humo sicho kilele. Ni kushuka. Mrushaji akianza jioni kwa kiwango chake na baada ya muda akawa anashuka mrusho hadi mrusho, amechoka hata kama anakataa, na anatoka.

Sambamba na hilo tumefunga hesabu ya mirusho kwa mwongozo wa Pitch Smart, uliotolewa na ligi kuu ya Marekani na USA Baseball, shirikisho la besiboli la huko, mwaka 2014: mirusho 75 kwa siku kwa wa miaka 9 na 10, 85 kwa wa 11 na 12, 95 kwa wa 13 na 14. Akipita 65, anapumzika siku nne. Akipita 20, angalau siku moja. Little League walikuwa wameshaacha kuhesabu ingizo, yaani zamu za mchezo alizorusha mtoto, na kuanza kuhesabu mirusho tangu 2007. Mirusho ya ukuta wa ploti inahesabiwa pia, na nimewaomba wazazi wanisaidie hapo, kwa sababu mimi siko huko.

Kikao cha wazazi kilikuwa kirefu. Baba mmoja aliuliza kwa nini tunazima namba wakati namba ndiyo itakayomfikisha mtoto mbali. Ana haki ya kuuliza. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa barani humu kucheza ligi kuu ya Marekani, Aprili 2017. Majirani zetu wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League kule Williamsport mwaka 2012, mwaka mmoja baada ya wenzao wa Uganda waliofuzu kunyimwa viza. Njia ipo. Nilimwambia kwamba watafutaji wa vipaji watakuja na rada zao wenyewe, na kwamba siku hiyo nataka mkono wa mwanawe uwe mzima. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama anaweza kusaidia kushika kamera. Anashika kamera sasa.

Julai: hali ilivyo

Baridi. Betri ya kihisi inakufa mapema asubuhi, tunaibeba mfukoni mpaka wakati wa kuitumia.

Nimeongeza safu moja kwenye jedwali, ya hewa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, juu zaidi kuliko Denver ya Marekani yenye mita 1,609, mji ambao wapigaji huupenda na warushaji huuogopa kwa sababu mipira huko inasafiri mbali na mirusho ya kupinda haipindi vizuri. Hewa yetu ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 15 kuliko ya pwani. Kasi ya gongo haibadiliki kwa hilo, na ndiyo sababu nyingine ya kuipenda namba hiyo: mtoto akipimwa hapa na akapimwa Mombasa, namba zake zinaweza kulinganishwa. Umbali wa mpira hauwezi. Mpira uliopigwa hapa utapotea juu ya goli la mbali, na mpira uleule Mombasa ungedakwa. Tukienda kucheza pwani watoto wanaodakia mbali na mpigaji watasogea mbele hatua kadhaa, na mrushaji wetu wa mirusho ya kupinda atashangaa jinsi inavyopinda.

Yaliyobaki kabla ya likizo ya Agosti: sanduku la rada lipate kifuniko kisichopitisha maji, na fundi wa Kamukunji ameshachukua vipimo. Mstari wa rangi ya kucha upakwe upya, umeanza kubanduka. Programu ya simu iandikwe maneno yote kwa Kiswahili, ili msimamizi aweze kumfundisha mwingine bila mimi kusimama nyuma yake, na faili za mirusho zihifadhiwe kwa namba ya mtoto bila jina lake. Kihisi cha pili kinafungwa kwenye gongo la inchi 27 kwa ajili ya wa miaka 9. Kwake kizidisho si sentimita 58 tena, ni 53.